Moshi wa Kupimia na Moshi wa Kero

Kifaa cha kupimia mabomba ya maji taka kwa moshi ni boksi la shaba lenye mivukuto miwili kama ya mhunzi, na juu yake kofia ya shaba inayoelea ndani ya maji. Unawasha matambara ya pamba yaliyolowa oili, unafunga, unachomeka mpira wake kwenye bomba la maji taka, halafu unavukuta. Moshi mzito unaingia chini ya nyumba ya mtu kutafuta pa kutokea. Mkaguzi wa afya katika manispaa ya Kiingereza ya miaka ya 1930 hadi 1950 alikuwa na sheria nene kabatini na daktari juu yake ofisini, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa ya namna hii: kulitoa jambo lililojificha lionekane, kwa kifaa ambacho hata shahidi asiyesoma angeweza kukielewa.

Utaratibu haukutaka haraka. Kwanza madirisha yote yanafungwa, kwa sababu moshi ukitoka paani na kurudi kwa dirisha la chumbani, utaapa kwamba bomba limepasuka chini ya kitanda. Kisha unafungua chemba ya mwisho, ile iliyo karibu na barabara, na kuziba njia ya kwenda bomba kuu kwa kizibo cha mpira kinachojazwa hewa. Unavukuta polepole mpaka moshi utokee kwenye ncha ya bomba la hewa juu ya paa. Hapo, wala si kabla, ndipo unaiziba ile ncha kwa kitambaa kilicholowa. Ukiiziba mapema umefungia hewa tupu ndani, na moshi hautafika kwenye matawi ya juu. Sasa vukuta kidogo mpaka kofia inyanyuke, acha, tazama. Kofia ikikaa palepale, bomba ni zima. Ikishuka, moshi umepata upenyo, na kazi inayobaki ni kuuzungukia: shina la choo, pembe za sakafu ya jikoni, gali trapu ya uani (tundu la maji machafu lenye shingo ya maji), ufa wa ukuta.

Kosa la mwanagenzi lilikuwa kuvukuta kwa nguvu. Maji yanayokaa kwenye shingo ya choo kuzuia harufu yana kina cha milimita 50 hivi. Mgandamizo ukizidi hapo, moshi unayasukuma na kububujika chooni, na mkaguzi anaandika kasoro aliyoitengeneza mwenyewe.

Kizazi kilichotangulia kilitumia mafuta ya mnanaa. Mmoja anapanda paani, anamimina kiasi kidogo kwenye bomba la hewa na kufuatisha ndoo ya maji ya moto. Mwenzake yuko ndani, milango imefungwa, ananusa chumba kwa chumba. Aliyemimina haruhusiwi kushuka mpaka kazi iishe, maana harufu imemganda nguoni na mikononi. Akitia mguu mlangoni tu, kipimo kimeharibika. Na palipokuwa na shaka kwamba choo fulani ndicho kinachovujia kwenye chumba cha chini cha jirani, walitia rangi ya fluoreseini chooni, wakavuta maji, wakangoja kijani kitokeze upande wa pili. Ubishi wa majirani ulikuwa unaishia hapo.

Bomba jipya lilipimwa kwa maji kabla ya kufukiwa. Fundi anaziba ncha ya chini, anasimamisha kipande cha bomba kwenye ncha ya juu, anajaza maji mpaka kimo cha kama mita 1.5, halafu anakwenda kunywa chai. Chai hiyo ilikuwa sehemu ya kipimo: bomba la udongo wa kuchoma na maungio mapya ya saruji hunywa maji kabla ya kutulia, na ukianza kupima mara moja utamlaumu fundi kwa kiu ya udongo. Baadaye unaongezea maji yaliyopungua, ndipo unaanza kuhesabu. Bomba la zamani halikupimwa hivyo. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1936 kiliiruhusu halmashauri kutumia kipimo chochote kwenye mfereji unaotiliwa shaka, isipokuwa maji yenye mgandamizo. Walioyaandika maneno hayo walijua bomba la miaka 60 chini ya nyumba likoje: limekaa kwa mazoea tu. Ukilijaza maji litaachia, na mwenye nyumba atakuwa na haki ya kuuliza ni nani aliyeliachanisha.

Mteremko nao ulikuwa na hesabu ya kichwani: bomba la inchi 4 lishuke 1 kwa 40, la inchi 6 lishuke 1 kwa 60, la inchi 9 lishuke 1 kwa 90. Bomba la kawaida la nyumba, basi, lilishuka sentimita 2.5 kwa kila mita.

Kilichowasumbua wakaguzi kuliko mteremko ni kifaa kilichowekwa kwa nia njema. Kati ya mfereji wa nyumba na bomba kuu la barabarani, wajenzi wa zama za Malkia Victoria waliweka trapu kubwa, yaani bomba lililopindwa likashika maji, ya kuzuia hewa ya bomba kuu isipande nyumbani, kwa imani kwamba harufu ndiyo ugonjwa. Imani ilikufa, trapu zikabaki. Kila kigumu kinachoshuka kutoka jikoni na chooni kinasimama pale. Juu ya trapu kuna tundu la kupitishia fimbo za kuzibulia, lenye kizibo chake. Bomba kuu likifurika wakati wa mvua, mgandamizo unakichomoa kizibo, kinadondokea ndani ya trapu na kuiziba. Maji machafu yanapanda ndani ya chemba mpaka yafikie lile tundu, kisha yanapita hapo kwenda zake. Chooni mambo ni kama kawaida, mwenye nyumba hana habari, na chini ya ua wake kuna dimbwi la kinyesi lililotuama miezi mingi. Tena panya wa bomba kuu sasa wana mlango. Dawa yake ilikuwa kizibo cha kubana chenye mnyororo, na mtu wa kufunua chemba mara kwa mara. Mnyororo ulikuwa bei rahisi, ila mtu wa kufunua chemba ambayo hailalamikiwi alikuwa haba, kama alivyo haba hadi leo.

Kwenye maji ya kunywa, mji uliolipa gharama kubwa ni Croydon, kusini mwa London. Vuli ya mwaka 1937 mafundi walishuka kwenye kisima cha Addington, kimojawapo cha visima vilivyochimbwa kwenye mwamba wa chokaa kuulisha mji huo maji. Mmoja wao aliwahi kuugua homa ya matumbo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akapona, na bila kujijua akabaki na vijidudu tumboni. Hilo peke yake lisingetosha kuua mtu. Ila kipindi kilekile maji ya kisima yaliendelea kusukumwa mjini huku hayapiti kwenye chujio wala hayatiwi klorini. Watu zaidi ya 300 waliugua, 43 wakafa.

Maji ya mwamba wa chokaa ni maangavu, baridi na matamu, na uangavu huo ndio unaowapumbaza watu. Yanapita kwenye nyufa za mwamba, si kwenye mchanga unaochuja, kwa hiyo kinachoingia upande mmoja kinaweza kutokea upande mwingine kikiwa hai. Uchunguzi wa hadhara ulionyesha kwamba maofisa waliohusika hawakuwa wakipeana habari ipasavyo. Waliojua kwamba kuna watu kisimani na waliohusika na afya ya wanywaji walikuwa waajiriwa wa halmashauri moja. Mwaka 1938 mahakama iliiona halmashauri ilizembea. Tangu hapo klorini ikaacha kuwa jambo la hiari la mhandisi, na fundi wa kisima akaanza kuulizwa historia ya tumbo lake na kutoa sampuli ya choo kabla ya kushika ngazi. Kisima chenye watu ndani hukatwa kwenye mtandao, na kabla ya kurudishwa hutiwa klorini nyingi, husafishwa, na maji yake hupimwa maabara.

Tuseme kidogo juu ya nani alikuwa nani. Kilele cha ofisi alikuwa daktari, mganga mkuu wa manispaa. Liverpool ilimwajiri wa kwanza, William Henry Duncan, mwaka 1847; mwaka 1872 cheo kikawa cha lazima nchi nzima. Chini yake walikuwapo wakaguzi, ambao hadi mwaka 1956 jina lao kisheria lilikuwa wakaguzi wa usafi, kisha likawa wakaguzi wa afya ya umma. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kuelezwa sana: bwana afya tunayemjua alikuja na mfumo huohuo wa Waingereza, pamoja na kofia yake na notisi zake. Nguvu ya mkaguzi ilikuwa na mpaka. Kuingia nyumba ya kuishi mtu, akikataliwa, alipaswa kutoa taarifa ya saa 24. Akiona kero kisheria, yaani unyevu, choo kibovu, lundo la taka au moshi, alianza kwa barua ya kawaida. Ikipuuzwa, notisi rasmi ya kuondoa kero. Ikipuuzwa tena, mahakama. Kesi nyingi ziliishia kwenye barua. Mkaguzi aliyekimbilia mahakamani kila wiki, kwa maoni yangu, alikuwa mkaguzi asiyejua kuzungumza na watu.

Tarehe 5 Julai 1948, Huduma ya Taifa ya Afya ilipoanza, manispaa zilinyang'anywa hospitali zao. Miji mikubwa yenye hadhi ya kaunti ilibaki na wakunga, wauguzi wa kutembelea nyumba, chanjo na magari ya wagonjwa. Manispaa ndogo zikaviona hata hivyo vikienda kwa kaunti. Yaliyobaki kwa kila manispaa ni haya ya mabomba, nyama, maziwa, panya na nyumba. Madaktari wengi waliona wamepunguziwa heshima. Mimi naona waliachiwa yale ambayo hospitali haiwezi kuyafanya.

Sitaki kuidharau chanjo. Mwaka 1940 Uingereza iliandikisha wagonjwa wa dondakoo zaidi ya 61,000 na vifo 3,283. Mwaka 1957, baada ya chanjo ya watoto wote, wagonjwa walikuwa 38 na vifo 6. Hakuna kizibo cha trapu kilichowahi kufanya hivyo. Lakini chanjo imeandikwa sana, na maziwa hayajaandikwa vya kutosha.

Kwenye maziwa mkaguzi alikuwa na magomvi mawili, maji na vijidudu. Kanuni za mwaka 1939 zilisema maziwa yenye mafuta chini ya asilimia 3, au yabisi zisizo mafuta chini ya asilimia 8.5, yatahesabiwa kuwa yamechezewa mpaka muuzaji athibitishe vingine. Hesabu yake ni ya darasa la sita: mkemia akikuta yabisi 7.65, pungufu ni 0.85, gawanya kwa 8.5, unapata asilimia 10 ya maji. Ila ng'ombe si mashine, na malisho mabaya yanaweza kushusha yabisi bila mtu kushika ndoo ya maji. Hapo ndipo kipimo cha kuganda kilipookoa haki. Maziwa halisi huganda kwenye nyuzi 0.53 hivi chini ya sifuri, wala ng'ombe aliyekonda habadilishi sana nukta hiyo. Ikisogea kuelekea sifuri, maji yametiwa.

Sampuli ya kesi ilikuwa na adabu yake. Kwanza koroga chombo chote, kwa sababu malai hupanda: ukichota chini umemwonea muuzaji, ukichota juu umempendelea. Gawa mafungu matatu mbele yake, ziba kila chupa kwa lakiri, andika lebo. Moja ni yake muuzaji, moja ya mkemia wa umma, ya tatu inabaki kwa mkaguzi kungoja siku ya ubishi. Mkulima akishikilia kwamba ng'ombe wake ndivyo walivyo, mkaguzi anakwenda zizini, anasimama wakati wa kukamua bila kuondoa jicho, anachukua sampuli nyingine palepale. Wenyewe waliita kumkatia rufaa ng'ombe. Ng'ombe kwa kawaida alisimama upande wa mkaguzi.

Vijidudu vilikuwa jambo la kufa na kupona. Kifua kikuu cha ng'ombe kiliingia kwa watoto kupitia kikombe cha maziwa mabichi, kikawavimbisha tezi za shingo na kuwapinda mifupa. Jawabu ni kupasteuriza: nyuzi kati ya 62.8 na 65.6 kwa dakika 30 kwenye pipa, au angalau nyuzi 71.7 kwa sekunde 15 kwenye mashine ya mabati, ambamo maziwa hupita kati ya mabamba ya moto. Lakini utajuaje kwamba kiwanda kimefanya hivyo kweli saa kumi alfajiri, wakati mkaguzi amelala? Maziwa mabichi yana kimeng'enya kiitwacho fosfatazi, ambacho joto hukiua kwa tabu zaidi kidogo kuliko linavyoua kijidudu cha kifua kikuu. Kimeng'enya kikifa, kijidudu kimekufa kabla yake. Basi mililita 1 ya maziwa inatiwa kwenye mililita 5 za dawa, inakaa saa 2 kwenye nyuzi 37. Ikigeuka njano kupita kiwango, maziwa hayakuiva, au yameiva kisha yakachanganyikana na mabichi, hata kama mabichi ni sehemu 2 tu kwa 1,000.

Mkaguzi mzuri hakuishia kutupa karatasi ya matokeo mezani kwa mwenye kiwanda. Alitafuta. Kwenye pipa, mshukiwa wa kwanza ni povu: linakaa juu ya maziwa, halifikii joto la maziwa, na kipimajoto kilichozama chini hakilijui. Wa pili ni valvu ya kutolea inayodondosha, au kipande cha bomba kati ya pipa na valvu ambamo maziwa yamesimama bila kupata moto. Kwenye mashine ya mabati, ni tundu dogo kama la sindano linalopitisha maziwa mabichi kwenda upande wa yaliyoiva. Maabara inasema kuna tatizo tu. Ni mtu mwenye tochi anayeonyesha liko wapi.

Maziwa yaliyoiva vizuri yanaweza kuchafuka baadaye, na hapo zilitumika mililita 10 za maziwa na mililita 1 ya rangi ya buluu ya methilini. Sampuli inalazwa mpaka kesho yake asubuhi, rangi inatiwa, tyubu inazamishwa kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 38. Vijidudu vinakula oksijeni, na oksijeni ikiisha buluu inafifia kuwa nyeupe. Ikififia kabla ya dakika 30, maziwa yameshindwa. Kipimo cha rangi moja na saa ya ukutani; sijui kizuri zaidi ya hicho.

Sumu ya chakula ilikuwa na kitendawili chake. Shuleni au kwenye kantini ya kiwanda watu walikula nyama iliyochemshwa saa nyingi, wakalala vizuri, kisha kati ya saa 8 na 22 baadaye wakashikwa na msokoto wa tumbo na kuhara, kutapika kukiwa nadra. Imechemshwa; imewezaje kudhuru? Mtaalamu wa vijidudu Betty Hobbs na wenzake walilieleza jambo hilo mwaka 1953. Kijidudu kilichoitwa wakati ule Clostridium welchii kina mbegu zinazovumilia kuchemka. Moto unaua vyote vilivyo dhaifu na kuifukuza oksijeni kwenye nyama, yaani unaliandaa shamba. Kisha mpishi anafunika sufuria na kuiacha jikoni usiku kucha ipoe. Katikati ya pande kubwa la nyama joto linashuka polepole mno, linakaa saa nyingi kwenye nyuzi arobaini na kitu, na mbegu zinaamka na kuzaana mara mbili kila dakika kumi na kitu. Asubuhi inapashwa moto kidogo na kugawiwa.

Ushauri uliofuata ulikuwa wa mizani na saa: pande la nyama lisizidi kilo 2.7, litolewe kwenye mchuzi wake, lipoe ndani ya saa moja na nusu, liingie kwenye friji. Vizuri zaidi, lipikwe siku ileile ya kuliwa. Kanuni za Usafi wa Chakula za mwaka 1955 zilikataza vyakula vya namna hiyo kukaa kati ya nyuzi 10 na 62.8, zikadai beseni la kunawia lenye maji ya moto, sabuni, brashi ya kucha na taulo. Mkaguzi mwerevu hakuuliza kama beseni lipo. Aligusa sabuni: ikiwa kavu na imepasuka, hakuna aliyenawa wiki hiyo.

Turudi chini ya ardhi, kwa panya. Sheria ya mwaka 1949 ilizipa halmashauri wajibu wa kuhakikisha eneo lao halina panya, na mji uliomaliza panya wa ghalani ukawaacha wa kwenye bomba kuu ulikuwa unatwanga maji kwenye kinu. Wakati wa vita watafiti wa Oxford, katika ofisi iliyoongozwa na Charles Elton, walichunguza kwa nini sumu ilikuwa inashindwa. Panya anaogopa kitu kipya. Anakionja kidogo, akiumwa tumbo bila kufa, hatakigusa tena. Kwa hiyo unamzoeza kwanza. Siku ya kwanza unashusha kwenye kila chemba chambo kisicho na sumu, ngano iliyolowekwa au makombo makavu ya mkate, kwenye ukingo wa saruji ulio juu ya maji. Siku ya tatu unarudi, unaandika chemba zipi zimeliwa, unaongeza. Siku ya tano, wakati panya amekwisha kupaona kuwa pake, chambo kilekile kinashuka kikiwa na fosfidi ya zinki asilimia 2.5.

Baada ya miezi 6 unarudia, lakini kwa sumu nyingine, kwa sababu walionusurika wana kumbukumbu. Warfarini ilipofika miaka ya 1950 ilionekana imemaliza ubishi: inaua polepole, panya haunganishi ugonjwa na chakula, hakuna haja ya kumzoeza. Mwaka 1958 Scotland, na mwaka 1960 mpakani mwa Uingereza na Wales, wakaonekana panya waliokuwa wakiila bila kudhurika. Na panya akitokea ndani ya nyumba katikati ya mtaa msafi, mkaguzi hakuanza na chambo. Alikwenda kuchukua boksi la shaba. Penye upenyo wa moshi ndipo penye upenyo wa panya.

Kunguni walikuwa na siku yao maalumu: siku ya kuhama. Manispaa zilipobomoa vichochoro vya zamani na kuwahamishia watu kwenye nyumba mpya za halmashauri, hazikutaka kuhamisha na wadudu. Katika miaka ya 1930 vyombo vilipakiwa asubuhi kwenye gari lililofungwa, vikapigwa gesi ya sianidi ya hidrojeni, vikapunga hewa, jioni vikafika nyumba mpya. Magodoro na mito havikuingia humo. Vilikwenda kwenye tanuri la mvuke la manispaa, kwa sababu sufi hushika gesi ile, na mtu akilalia godoro ambalo halijapunga vya kutosha anaweza asiamke. Baada ya 1945 DDT ya kupulizia ikaondoa hatari hiyo na kuleta nyingine ambazo hazikujulikana haraka.

Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 London ilifunikwa na ukungu wa makaa ya mawe. Makadirio ya awali yalikuwa vifo 4,000. Watafiti wa baadaye wameona huenda vilifika 12,000. Kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Hugh Beaver ikafuata, kisha Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956. Coventry na Manchester zilikwisha kuanza maeneo yasiyo na moshi kabla ya hapo, na manispaa nyingi zilikuwa zikipima kwa miaka: chombo cha faneli juu ya nyumba kinachokusanya masizi ya mwezi mzima, yakakaushwa, yakapimwa, yakaandikwa kwa tani kwa maili moja ya mraba, na silinda iliyopakwa peroksidi ya risasi kunasa salfa.

Kwa viwanda, mkaguzi alibeba kadi ya Ringelmann, yenye miraba ya mistari myeusi inayozidi unene. Ikitazamwa kutoka mita 15 mistari inaungana machoni na kuwa kijivu. Mraba namba 2 una weusi wa asilimia 40, na moshi unaofikia hapo sheria iliuita moshi wa giza. Mkaguzi anasimama barabarani na saa yake. Kwa tanuri moja, kanuni za mwaka 1958 ziliruhusu jumla ya dakika 10 ndani ya saa 8, zisizozidi 4 mfululizo, maana hata mchochea moto hodari hawezi kuwasha tanuri baridi bila moshi kidogo.

Majumbani palikuwa pagumu zaidi, kwa sababu meko ya wazi ya sebuleni yalikuwa yanatoa karibu nusu ya moshi wote wa nchi, tena kwenye dohani fupi, puani mwa watu. Kutangaza eneo la kudhibiti moshi kulianza kwa kuhesabu: mkaguzi anagonga kila mlango, anaandika meko mangapi, ya aina gani, yanatumika au la. Amri inaandikwa, waziri anaithibitisha, na miezi isiyopungua 6 inapita kabla ya kuanza kutumika. Gharama ya kubadili meko ilirudishwa sehemu 7 kati ya 10. Nne zilikuwa za serikali kuu, tatu za halmashauri, na tatu zilizobaki zilimwangukia mwenye nyumba.

Malalamiko yaliyofuata yalikuwa ya moto wenyewe. Makaa ya koki, yale yasiyo na moshi, hayashiki kwa gazeti na vijiti kama makaa ya mawe. Yanataka wavu mwembamba na wenye kina ili joto lijikusanye, na bomba la gesi lenye matundu la kuchomeka chini yake kwa dakika kadhaa mpaka yawe mekundu. Aliyepewa meko mapya bila kuonyeshwa hilo alikaa na baridi jioni nzima, kesho yake akaenda kuilaani halmashauri sokoni.

Manispaa za migodini ndizo zilizochelewa. Mchimbaji alipewa makaa ya mawe kama sehemu ya ujira wake, yanashushwa mlangoni kwa lori. Haikuwa rahisi kwa mkaguzi kugonga mlango huo, na daftari lake mkononi, kumwambia kwamba ujira wake umekuwa kero kisheria.